Ribiti ndogo, mzigo mkubwa

Mwezi huu sitaandika juu ya mitihani. Nitaandika juu ya kitu kidogo kama punje ya hindi. Kiko kwenye sufuria yako, kwenye sanduku lako la bati, na hata kwenye ndege zinazotua uwanja wa Bujumbura. Kinaitwa ribiti, wengine kwetu wanasema riveti. Ni kama msumari usio na ncha: unapita katika mabati mawili, halafu unagongwa mpaka unafanya kichwa upande wa pili.

Mimi hii kazi niliichukulia mzaha. Jirani yangu, mama wa watoto wanne, aliniletea sufuria yake ya alumini, mkono umelegea. Nikakata msumari wa chuma, nikaupitisha, nikagonga kwa nguvu zangu zote, nikamrudishia. Nikajiona fundi. Baada ya siku tisa yule mama aliinua uji kutoka kwenye mbabula, mkono ukachomoka. Uji ukamwagikia mguu wa mtoto wake wa miaka mitatu. Mtoto alitibiwa, sasa anatembea, lakini alama imebaki. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, ni bahati mbaya." Lakini mimi nilijua haikuwa bahati. Ilikuwa kazi ya mkono wangu.

Nilipopata kibali cha kwenda Bujumbura, ile sufuria niliitia katika mfuko nikaenda nayo Buyenzi. Waliokaa Bujumbura wanajua, Buyenzi ni mtaa wa Kiswahili na wa mafundi. Nilimkuta mzee mmoja anatengeneza ndoo. Aliigeuza sufuria yangu mara mbili, akauliza, "Nani alikuharibia hivi?" Nikasema ni mimi, mzee. Akacheka, kisha akanipa kigoda nikae.

Alinionyesha makosa manne. Nayaandika hapa ili na wewe uyajue.

Kosa la kwanza, nilitoboa karibu sana na ukingo. Kutoka katikati ya tundu mpaka ukingo wa bati, acha nafasi isiyopungua mara mbili ya unene wa ribiti. Ribiti ya milimita 4 inataka milimita 8. Na kati ya ribiti na ribiti, acha angalau mara tatu, yaani milimita 12. Ukibana zaidi, bati linapasuka kama karatasi ya stempu.

Kosa la pili, urefu. Ribiti ikishapita mabati yote, kipande kinachobaki nje kiwe mara moja na nusu ya unene wake. Kwa ile ya milimita 4, ni milimita 6. Ikiwa fupi, kichwa hakishiki. Ikiwa ndefu, inalala upande. Yangu ilikuwa imelala. Kichwa kizuri kina upana wa mara moja na nusu ya unene wa ribiti, na urefu wa nusu yake.

Kosa la tatu, nilitia chuma ndani ya alumini. Metali mbili tofauti zikikutana na maji na chumvi, moja inaila nyingine, na hapo inayoliwa ni alumini. Tundu linapanuka polepole na wewe huoni. Sufuria ya alumini inataka ribiti ya alumini.

Kosa la nne, sikusafisha tundu. Ukitoboa, kunabaki meno makali pembeni. Lazima uyaondoe kwa tupa, sababu yanazuia mabati kukaa pamoja. Halafu nilipiga nyundo nyingi mno. Alumini ikipigwa sana inakuwa ngumu, mwishowe inapasuka. "Hii kitu haitaki nguvu, mwanangu," mzee aliniambia. "Inataka chuma kizito nyuma, na mapigo machache yaliyonyooka."

Niliporudi niliwasimulia wanafunzi wangu. Kijana mmoja, ambaye hutengeneza ndege za kuchezea kwa makopo ya mafuta ya msaada, akauliza, "Mwalimu, na ndege ya kweli inashikwa na nini?" Nikamjibu, ndege nyingi za bati zinashikwa na ribiti hizo hizo. Na kanuni za vipimo ni zile zile za mzee wa Buyenzi.

Mjerumani Alfred Wilm aligundua mwaka 1906 jinsi ya kuifanya alumini iliyochanganywa na shaba kidogo iwe ngumu sana. Alumini ya namna hiyo ukiichomelea, moto unaipunguzia nguvu. Ndiyo maana mafundi wa ndege wanatoboa na kugonga. Wanafanya wawili wawili: mmoja nje na nyundo ya upepo, mwenzake ndani ameshika chuma kizito. Kelele ni nyingi, hawasikilizani. Basi yule wa ndani anagonga bati kwa ishara. Mara moja: bado, ongeza. Mara mbili: nzuri. Mara tatu: mbaya, itolewe. Ile mbaya inatobolewa, inawekwa mpya, bila aibu. Mimi ningekuwa na mtu wa kunigongea mara tatu, yule mtoto asingeungua.

Wako pia watu wanaojenga ndege nyumbani. Huko Marekani ni wengi, na Kenya, mwaka 2010, Gabriel Nderitu alijulikana kwa kujitengenezea ndege yenye injini ya gari. Baadhi ya wajenzi wa nyumbani hutumia ribiti za kuvuta, ambazo hufungwa kutoka upande mmoja tu kwa koleo maalumu. Hizo zinasaidia pale ambapo mkono haufiki nyuma.

Lakini vijana, msidhani ni mchezo. Tarehe 28 Aprili 1988, huko Hawaii, ndege ya Boeing 737 ilipasuka paa ikiwa angani. Nyufa ndogo zilikuwa zimeanza kwenye matundu ya ribiti, zikaungana. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na tusiende mbali. Meli ya Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapelekwa Kigoma, ikaunganishwa tena kwa ribiti, ikashushwa majini Februari 1915. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza waliiinua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Mei 2015 meli hiyo hiyo ilibeba maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi, waliokwama Kagunga, mpaka Kigoma. Miaka mia moja imepita, na zile ribiti zimebeba watu kama sisi. Nadhani waliozigonga hawakuwajua abiria wao. Ila walizigonga vizuri.

Ile sufuria niliigonga upya kwa ribiti za alumini. Kabla ya kuirudisha niliijaza maji baridi, nikaiinua asubuhi na jioni kwa siku saba. Ndipo nikampelekea mama, nikamwomba msamaha mbele ya watoto wake. Aliupima mkono, akautikisa, akacheka. Kesho yake nikaona uji uko jikoni.

Wazazi, kagueni mikono ya sufuria zenu leo. Ikicheza hata kidogo, msiinue kitu cha moto nayo. Kila Jumamosi mchana niko nyuma ya darasa la sita na nyundo, tupa na chuma kizito. Vijana wanaotaka kujifunza waje. Tutaanza na maji baridi.

Tuonane mwezi ujao.