Nani Anamlipia Shujaa wa Kike?

Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, maduka ya stesheneri ya Makambako, mkoani Njombe, hutundika mabegi mpaka nje barazani. Ya wavulana yana Spider-Man. Ya wasichana yana Elsa wa Disney, yule binti anayegandisha kila anachogusa, ambaye kwa baridi ya Njombe mwezi wa saba asingemshangaza mtu. Mzigo umetoka Kariakoo, na kabla ya Kariakoo umetoka China. Mzazi anakagua zipu, anavuta mikanda, anaomba apunguziwe. Habari za leseni ya picha haziulizwi na yeyote.

Kwa mtu wa hesabu, hapo ndipo shujaa wa kike anapoingiza fedha mkoani: kwenye begi, kwenye kikasha cha kalamu, kwenye jalada la daftari. Gazeti la katuni, ambalo kwingineko ndilo lililomzaa, halimo katika hesabu hiyo. Si kwamba watoto hawapendi michoro. Ni kwamba kila zama shujaa huyu amekuwa na mlipaji wake, na mlipaji ndiye aliyeamua avae nini na afanye kazi gani.

Wa kwanza alikuwa msomaji mwenyewe. Sani, gazeti lililopata jina kutokana na herufi za mwanzo za waasisi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, liliishi kwa shilingi za vibandani. Waliotamba humo ni Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Pimbi na Madenge, wanaume watupu. Wanawake walikuwemo tele, ila kama mke mkali, mchumba wa kugombewa, au kisura wa kumfanya bosi mwenye tai agonge nguzo. Hadithi za picha za kutisha ziliposhika kasi baadaye, mwanamke alipata nguvu zisizo za kawaida, lakini alizipata kama jini au mchawi. Sioni kuwa wahariri walikuwa na kinyongo naye. Walimlenga mwanaume mwenye chenji mfukoni anayesubiri basi, wakamchorea anachotaka.

Mlipaji wa pili alikuwa mfadhili. Gazeti la Femina lilianza mwaka 1999 kwa fedha za wahisani, hasa wa nchi za Skandinavia, likagawiwa bure hadi sekondari za mikoani. Kenya ikafuata na Shujaaz mwaka 2010, iliyotoka bure ndani ya Daily Nation, ikatwaa tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012 na tena 2014, kisha ikavuka mpaka kuja kwetu Tanzania na mhusika wake DJ Tee. Katika magazeti ya namna hii msichana alipandishwa cheo. Anaweka akiba, anafuga kuku, anamjibu mjomba anayetaka kumwoza. Ni hatua kubwa, na waliosoma miaka hiyo wanaikumbuka. Lakini kitu cha bure hakimpi mwenye duka wa Makambako sababu ya kukiagiza, na mradi ukifungwa, mhusika anafungwa nao.

Marekani nako ni hesabu za soko zilizomleta shujaa wa kike mwenye damu ya Afrika Mashariki. Kufikia mwaka 1975 gazeti la X-Men la kampuni ya Marvel lilikuwa limekaa miaka mitano likirudia hadithi za zamani. Rais wa kampuni, Al Landau, alitaka kikosi cha watu wa mataifa mbalimbali ili kiuzike nje ya nchi. Mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum wakamtoa Ororo, maarufu kama Storm, anayeamuru mvua na upepo, ambaye mama yake, N'Dare, ni binti wa kifalme wa Kenya. Nakala ilikuwa senti 50. Anatokea mara ya kwanza akiwa Kenya, nguo chache, watu wamempigia magoti wakimlilia mvua. Kikosi kilitungwa kwa ajili ya masoko ya nje, na Kenya haikuwa soko la maana kwao. Ilikuwa mandhari tu.

Chini ya mwandishi Chris Claremont, Ororo alikua. Mwaka 1983 alinyoa kiduku na kuvaa ngozi nyeusi, akiwa tayari anaongoza kundi zima. Mwaka 2014 akapata gazeti la kila mwezi lenye jina lake, na mwaka 2024 lingine, likiandikwa na Murewa Ayodele wa Nigeria. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2009, Disney iliinunua Marvel kwa takriban dola bilioni 4, na Ororo akahama pamoja na samani. Wein na Cockrum walilipwa kwa kurasa walizotoa. Mhusika hakuwa mali yao.

Mkulima wa viazi wa Njombe anaijua biashara hiyo kwa jina la lumbesa: unalipwa gunia moja, juu yake kimeshonewa kilemba kizito ambacho hakimo katika bei. Mchoraji naye huuza ukurasa mmoja, na kilemba chake ni jina la mhusika, filamu, begi na mwanasesere. Wakala wa Vipimo hukamata lumbesa ya viazi barabarani. Ya michoro inapita.

Mlipaji wa tatu ni majukwaa ya mtandaoni na studio. Machi 2021 studio ya Kukua ya Nairobi ilimtoa kwenye YouTube Super Sema, binti wa miaka kumi anayepambana kwa sayansi na ubunifu, Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa wazalishaji wakuu. Julai 2023 Netflix ikaleta Supa Team 4 ya Malenga Mulendema wa Zambia, wasichana wanne wanaoikoa Lusaka. Malori ya kwenda Zambia hupita katikati ya Makambako usiku na mchana, na TAZARA ina stesheni hapo, ila wasichana hao hawakuja kwa lori wala treni. Wanakuja kwa bando, tena kwa mwenye kadi ya kulipia. Aliyewafikia watoto wengi wa huku ni Akili wa Ubongo ya Dar es Salaam, mtoto wa miaka minne anayeongea Kiswahili kwenye televisheni ya kawaida, asiye na joho wala nguvu za ajabu.

Kuchapa karatasi nako kuna kikwazo cha kuchekesha. Jirani zetu wa Mufindi wana kiwanda cha karatasi Mgololo, kinachokula miti ya paini na kutoa karatasi ngumu ya mifuko. Karatasi ya kuchapia katuni za rangi inaagizwa nje, hivyo mchoraji wa Njombe anaishi katikati ya msitu na ananunua karatasi kwa bei ya bandarini.

Hadithi hazijaadimika. Barabara inayotoka Makambako kupitia Njombe inakwenda Songea, ambako Wajerumani walimnyonga kiongozi wa kike, Mkomanile, mwaka 1906 pamoja na viongozi wanaume wa Vita vya Majimaji. Hana mwenye leseni; yeyote anaweza kumchora kesho. Mchoro utalindwa na hakimiliki maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya kifo chake, ila jina na kisa vitabaki vya wote, na mshindani anaweza kutoa Mkomanile wake wiki inayofuata. Ndiyo maana wenye mitaji hupendelea binti wa kubuni, asiye na kaburi wala wajukuu, anayeweza kusajiliwa BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara kabla hajachorwa kwenye begi.