Mwanafunzi Mmoja, Madarasa Mawili

Kila mwalimu hukutana na mtoto amalizaye zoezi wakati wenzake wangali wakiandika tarehe. Je, afanyiwe nini? Katika makala haya tutaeleza jinsi swali hili lilivyojibiwa katika shule za sekondari za Marekani, kisha tuone jibu hilo linatufunza nini sisi tutakaofundisha shule za msingi.

Marekani ina vyuo vya jamii, yaani vyuo vya miaka miwili, vyenye ada nafuu kuliko vyuo vikuu. Chuo cha umma cha kwanza cha aina hii kilianzishwa Joliet, Illinois, mwaka 1901. Mwaka 1985 jimbo la Minnesota liliwaruhusu kwa sheria wanafunzi wa madarasa mawili ya mwisho ya sekondari kusoma chuoni kwa gharama ya serikali. Jimbo la Washington lilifuata mwaka 1990. Huko mwanafunzi halipi ada ya masomo, bali hujitafutia vitabu na nauli. Somo alilofaulu huhesabiwa mara mbili: katika cheti cha sekondari na katika masomo ya chuo. Hivyo wako wanaomaliza sekondari wakiwa wamekwisha kupata shahada ya miaka miwili.

Tusidhani kwamba mpango huu ni wa wepesi tu. Mwaka 1974, katika chuo cha jamii cha LaGuardia, New York, ilifunguliwa sekondari ndani ya chuo kwa ajili ya vijana waliokuwa karibu kuacha shule. Waanzilishi waliona kwamba kijana aliyechoka kutendewa kama mtoto huweza kuamka akiaminiwa kama mtu mzima.

Hata hivyo, faida hizi zina gharama. Kwanza, mwendo ni wa kasi. Katika jimbo la Washington, somo la chuo lenye vipimo 5, lifundishwalo kwa robo moja ya mwaka wa chuo, huhesabiwa sawa na somo la sekondari la mwaka mzima. Pili, alama mbaya hubaki katika kumbukumbu za chuo, na kijana huzikuta tena baadaye aombapo nafasi kwingine. Tatu, kwa sheria ya mwaka 1974, haki ya mzazi juu ya kumbukumbu za chuo humhamia mwanafunzi, hata akiwa hajatimiza miaka 18. Basi mzazi asitarajie kuitwa mwanawe anapolegea.

Hapa ndipo linapotuhusu. Kinachomwangusha kijana huyo si lazima kiwe ugumu wa somo. Mara nyingi ni kukosa mazoea ya kusoma bila kusimamiwa, kupanga saa zake, na kuuliza asipoelewa. Mazoea hayo hayaanzi chuoni. Huanza darasa la tatu, mwalimu anapompa mtoto kitabu asome peke yake, kisha akamtaka aeleze alichokisoma.

Kwa hiyo, mtoto amalizaye mapema tusimwongezee hesabu kumi za aina ile ile, wala tusimrushe darasa kwa pupa. Tumpe kazi yenye kina zaidi, na tumfundishe kujisimamia. Naye azoroteaye tusimhukumu kabla ya kumpa jukumu la kuaminiwa. Haba na haba hujaza kibaba.