Kuhamisha Majedwali ya Lugha baina ya Hati zenye Alama na Lahajedwali

Kamusi na sarufi za Kiswahili hutegemea sana majedwali: ya ngeli, ya viambishi, na ya vidahizo. Siku hizi majedwali hayo huwekwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni hati yenye alama, kama ziandikwazo kwa XML, kanuni iliyotolewa rasmi mwaka 1998. Humo kila kipande cha maandishi hubeba alama isemayo kipande hicho ni nini. Ya pili ni lahajedwali, ambalo hutambua kitu kwa mstari na safu kilimokaa. Mtafiti huzihitaji zote mbili: hati kwa kuhifadhi na kuchapisha, lahajedwali kwa kupanga, kuhesabu na kusahihisha. Makala haya yakusudia kuonyesha kuwa kuhamisha jedwali kutoka namna moja hadi nyingine ni kazi ya tafsiri, wala si ya kunakili tu.

Tuanze na tarakimu za ngeli. Kwa kufuata hesabu ya Bleek na Meinhof, wanaisimu huandika 1/2 kwa jozi ya mtu na watu, 7/8 kwa kitu na vitu, na 9/10 kwa nyumba katika umoja na wingi. Hati yenye alama huyahifadhi maandishi hayo kama yalivyo. Lakini programu ya Excel, ifunguapo faili la matini lililotenganishwa kwa mikato, hukisia aina ya kila kisanduku. 9/10 huifanya tarehe, na kuipa mwaka wa siku hiyo. Hata alama za mtajo hazizuii jambo hilo, na faili likihifadhiwa hivyo, jozi ya asili imepotea. Wataalamu wa jeni walipatwa na msiba wa namna hiyo hiyo, hata kamati yao ya majina, katika miongozo ya mwaka 2020, ikaeleza kuwa jeni SEPT1 imepewa jina la SEPTIN1.

Pili, kuna kistari. Ni desturi kuandika shina la kitenzi au la kivumishi kwa kistari mbele yake: -pika, -zuri. Programu hukiona kistari hicho kuwa alama ya kutoa, hudhani imepewa fomula, na mahali pa shina hutokea tangazo la kosa.

Tatu, kuna visanduku vilivyotandaa. Kiambishi N- ni cha ngeli ya 9 na ya 10 pia, na mwandishi wa hati huweza kukiandika mara moja katika kisanduku kilichotandaa mistari miwili. Jedwali hilo likigeuzwa matini yenye mikato, N- hubaki katika mstari wa 9, na mstari wa 10 huwa mtupu. Msomaji atasemaje juu ya utupu huo? Aweza kudhani ni kiambishi kapa, kama katika neno tunda la ngeli ya 5, au ni jambo lisilochunguzwa bado. Hayo ni mambo matatu mbalimbali, na lahajedwali huyaonyesha kwa sura moja.

Safari ya kurudi nayo ina hatari yake. Kidahizo chenye maana tatu hukaa mistari mitatu ya lahajedwali. Tukikusanya mistari kwa tahajia peke yake, kaa la moto na kaa wa pwani watafungwa katika kidahizo kimoja. Tusipokusanya kabisa, neno moja litapasuliwa mara tatu.

Basi yafaa kushika kanuni hizi:

(a) Ngeli ya umoja na ngeli ya wingi zipewe safu mbili, kila moja na tarakimu yake.

(b) Safu zote za lugha zitangazwe kuwa matini wakati wa kuingiza faili, kabla ya kulifungua.

(c) Thamani ya kisanduku kilichotandaa irudiwe katika kila mstari, na kapa iandikwe kwa alama yake yenyewe.

(d) Kila kidahizo kiwe na namba yake isiyobadilika.

Mwisho, jedwali lihamishwe kwenda na kurudi, kisha nakala iliyorudi ilinganishwe na asili, kisanduku kwa kisanduku. Hati yenye alama ibaki kuwa asili siku zote, na lahajedwali liwe meza ya kufanyia kazi. Kosa lisilogunduliwa hapo litaingia katika kamusi, na huko litasomwa kama sarufi.