TUUJUE UCHAGUZI WA MTAA NA UANDIKISHAJI WA WAPIGA KURA

  



Siku ya Jumatano, tarehe 27 Novemba 2024, kijana wetu mmoja wa darasa la juu alirudi kutoka kituo cha kupigia kura akiwa amenuna. Alikuwa ametimiza miaka 18 mwaka ule ule, na mkononi alishika kadi mpya ya mpiga kura. Jina lake halikuwamo katika orodha ya mtaa, hivyo hakupiga kura. Alidhani ameonewa. Tulipomuuliza, tukagundua kuwa hakuonewa na mtu. Kadi ile ilikuwa ya uchaguzi mwingine. Kosa lilikuwa letu sisi walimu na wazazi, tuliomfundisha mafungu ya mirathi mpaka akayahifadhi, lakini hatukumfundisha jambo hili. Ndiyo maana mwaka huu tumeona tuliandikie.

CHAGUZI NI MBILI

Nchini kwetu kila raia huitwa kupiga kura mara mbili katika kila miaka 5. Kwanza ni Uchaguzi wa Serikali za Mitaa, na mwaka unaofuata ni Uchaguzi Mkuu. Chaguzi za mitaa zilifanyika mwaka 2009, 2014, 2019 na 2024. Chaguzi kuu zilifuata mwaka 2010, 2015, 2020 na 2025.

Katika Uchaguzi Mkuu tunamchagua Rais, Mbunge na Diwani wa kata. Madiwani ndio wanaokaa katika Baraza la Madiwani, na wao ndio wanaomchagua Meya wa Manispaa yetu ya Singida. Kwa hiyo msidhani kuwa diwani huchaguliwa siku moja na mwenyekiti wa mtaa. Wengi hukosea hapo.

Katika uchaguzi wa mitaa, sisi tunaokaa mjini tunamchagua mwenyekiti wa mtaa pamoja na wajumbe wa kamati ya mtaa. Ndugu zetu wa vijijini, kule Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na kwingineko, wanamchagua mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Zipo nafasi za wanawake katika kamati na halmashauri hizo. Afisa mtendaji wa mtaa au wa kijiji hachaguliwi. Yeye ni mwajiriwa.

ORODHA SI DAFTARI

Hapa ndipo alipokwama kijana wetu, basi tusome kwa makini.

Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni la Tume ya Uchaguzi, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Daftari hili ni la Uchaguzi Mkuu. Ukiandikishwa humo unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole na unapewa kadi. Utaratibu huo wa alama za vidole ulianza mwaka 2015. Daftari halianzi upya kila mara, bali huboreshwa: aliyetimiza umri huongezwa, aliyehama huhamisha taarifa zake, aliyepoteza kadi hupewa nyingine, na aliyefariki huondolewa.

Orodha ya Wapiga Kura ni ya uchaguzi wa mtaa. Uchaguzi wa mwaka 2024 ulisimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, wala si Tume. Orodha huandikwa upya kila uchaguzi, na aliyejiandikisha hapewi kadi yoyote. Anafika kituoni katika mtaa wake, anaandikwa jina, anaweka saini, basi. Mwaka 2024 kazi hiyo ilifanyika kwa siku 10 tu, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Baadaye orodha hubandikwa hadharani ili kila mtu ajitazame, na mwenye pingamizi aliseme.

Kwa hiyo mtu aweza kuwa na kadi ya Tume ya miaka 10 na asipige kura ya mtaa, kwa sababu zile siku 10 alikuwa shamba, au alisema "mimi kadi ninayo".

NANI ANAANDIKISHWA?

Anayestahiki kuandikishwa katika orodha ya mtaa ni:
1. Raia wa Tanzania.
2. Aliyetimiza umri wa miaka 18 au zaidi.
3. Mkazi wa mtaa au kitongoji husika.
4. Mwenye akili timamu.

Anayetaka kugombea anatakiwa awe na miaka 21 au zaidi na adhaminiwe na chama cha siasa. Sheria yetu haina mgombea binafsi.

Siku ya kupiga kura mpiga kura anakwenda na kitambulisho, kama kile cha Taifa, kadi ya mpiga kura au leseni ya udereva. Jina likionekana katika orodha anapewa karatasi za kura, anaingia peke yake mahali pa siri, anaweka alama, anakunja na kutumbukiza katika sanduku. Hakuna mwenye haki ya kumuuliza amempa nani, awe mume, mzazi au mwalimu.

KWA NINI TUUJALI MTAA?

Wengine husema, uchaguzi wa mtaa ni mdogo. Tujiulize: ukitaka barua ya utambulisho wa makazi, unakwenda kwa nani? Kijana akikamatwa usiku, tunamtafuta nani ili tumpate wa kumdhamini? Ugomvi wa mpaka wa kiwanja, ulinzi wa usiku na usafi wa mifereji huanzia wapi? Yote hayo huanzia mtaani.

Kijijini jambo ni zito zaidi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Shamba la alizeti la yatima, au eneo la makaburi ya Waislamu, linaweza kupona au kupotea kutokana na watu waliokaa katika kikao hicho. Ukimya wetu siku ya uandikishaji tunakuja kuulipia siku ya kugawa ardhi.

Hatusemi kwamba chaguzi zetu hazina kasoro. Mwaka 2019 baadhi ya vyama vilijitoa, na wagombea wengi wakapita bila kupingwa. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliambatana na ghasia na vifo, jambo lililotuumiza sote. Allah awarehemu waliokufa na awape subira wafiwa. Lakini mtu asiyejua utaratibu hawezi hata kuonesha ni wapi umevunjwa. Kujua haki yako ndiyo hatua ya kwanza ya kuidai kwa amani.

DINI INATUFUNDISHA NINI?

Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, Allah (S.W.) anatuamrisha kuzifikisha amana kwa wanaozistahiki na kuhukumu kwa uadilifu. Wanazuoni wameuhesabu uongozi kuwa ni katika amana hizo. Basi anayeuza kura yake kwa kanga au kilo ya sukari ameuza amana.

Katika Baiatul Aqaba ya pili, watu wa Madina waliokuja kwa Mtume (S.A.W.) walikuwa wanaume 73 na wanawake 2. Mtume (S.A.W.) aliwataka wao wenyewe watoe wasimamizi 12 wa watu wao, wakatoa 9 wa Khazraj na 3 wa Aus. Hakuwateulia yeye. Vile vile imepokewa na Bukhari kutoka kwa Hudhayfa (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliamuru yaandikwe majina ya waliosilimu, wakaandikwa wanaume 1500. Kuandikishwa na kuhesabiwa si mambo mageni kwetu.

Madrasa haimwambii mtu ampigie nani. Hiyo ni siri yake na Mola wake. Tunachowaomba wazazi ni haya: mkisikia tangazo la uandikishaji, nendeni pamoja na mabinti na mama zenu, kisha rudini kutazama orodha itakapobandikwa. Msiwaache wazee nyumbani.

Nanyi wanafunzi, kwa mzunguko wa miaka 5, uchaguzi ujao wa mitaa unatarajiwa mwaka 2029. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2010, ambaye leo anasoma nasi juzuu za mwisho, atakuwa mpiga kura. Hatutaki kumwona naye akirudi nyumbani amenuna.