Wasichana wa Sheria Walioshikana Mikono kwa Barua



Juma hili tunaongea juu ya binti zetu wanaosoma sheria. Katika vikundi vyetu wako akina mama wenye binti kwenye universite, fakulte ya sheria. Wako wengine ambao binti anatamani kwenda huko, lakini jamaa wanakaa baraza na kusema: msichana wa sheria atakuwa na mdomo mrefu, nani atamwoa? Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, na mara nyingi tumeona jinsi yanavyomvunja mtoto moyo.

Basi tunawaletea habari ya wasichana wa zamani, wa nchi ya Marekani, ambao waliambiwa maneno hayo hayo. Walikuwa wachache na walikaa mbali mbali. Wakaanzisha chama chao wenyewe, na matunda yake yalifika mpaka kwa mama mwenye kulea watoto nyumbani.

Mlango uliofungwa

Mwaka 1869, katika jimbo la Iowa, Arabella Mansfield alikubaliwa kuwa avoka, mwanamke wa kwanza katika nchi ile. Mwaka huo huo, mjini Chicago, Mama Myra Bradwell naye aliomba. Mtihani alikuwa ameushinda. Hata gazeti la sheria alikuwa nalo, ambalo alilianzisha yeye mwenyewe. Lakini tribinali kuu ya jimbo la Illinois ilimkatalia. Sababu ya kwanza waliyompa ni kwamba ana mume: mke hawezi kufunga mapatano peke yake, basi atafungaje mapatano na mtu anayemtetea? Alipoijibu sababu hiyo, wakamwambia kwamba kuwa mwanamke tu kunatosha kumfungia mlango. Mwaka 1873 tribinali kuu ya nchi nzima ikasema jimbo lilikuwa na haki ya kumkatalia.

Mama asidhani kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wa kale tu. Hapa kwetu Kongo, Kodi ya Jamaa ya mwaka 1987 iliandika kwamba mke anapaswa kupata ruhusa ya mumewe kabla ya kutia mkono kwenye tendo la kisheria linalomfunga kufanya kazi fulani yeye mwenyewe. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo iliyobadilisha jambo hilo: sasa mume na mke wanapaswa kupatana, wote wawili. Kutoka 1987 mpaka 2016 ni miaka 29. Msichana aliyezaliwa wakati Kodi ile inatoka alikuwa amekwisha kuwa mama wakati inatengenezwa. Wengi wetu tumeishi chini ya sheria ile bila kujua hata kwamba imeandikwa.

Ann Arbor, mwaka 1886

Katika mji mdogo wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, kuna universite iliyofungulia wanawake mlango mwaka 1870, fakulte ya sheria pamoja. Wasichana walikuja, lakini wachache wachache. Katika chumba kilichojaa vijana wanaume, msichana aliweza kujikuta na mwenzake mmoja au wawili tu. Alipomaliza masomo na kurudi kwao, hali ilikuwa ngumu zaidi: mara nyingi alikuwa avoka mwanamke peke yake katika mji mzima. Hakuwa na mkubwa wa kumwuliza neno, wala dada wa kumwambia shida yake.

Mwezi wa Oktoba 1886, wanafunzi wanawake wa sheria pale Ann Arbor pamoja na wengine waliokwisha kupata diplome walianzisha kikundi. Walikiita Equity Club. Neno lile la kwanza ni la sheria, nalo lina maana ya haki iliyo sawa kwa watu. Ndicho chama cha kwanza cha wanawake wa sheria kilichovuka mipaka ya mji mmoja na kuenea katika nchi ile.

Namna kilivyoenea ndilo jambo lililotupendeza sana. Hawakuwa na franga za kusafiri kwenda kwenye mikutano. Walitumia posta. Kila mwanachama, popote alipo, alipaswa kuandika barua moja kila mwaka: anafanya kazi gani, amepata magumu gani, anaomba shauri gani. Barua zote zilikusanywa, kisha zikatumwa kwa wanachama wote. Hivyo msichana aliye peke yake katika mji wake alisoma habari za wenzake wa mashariki na magharibi, na mwaka uliofuata akajibu. Katika miaka minne wanachama walifika kama 30. Kwetu hiyo ni hesabu ya likelemba moja ya kartie. Lakini wakati ule, wanawake maavoka wa nchi nzima walikuwa karibu 200 tu.

Waliongea nini katika barua

Mama akizisoma barua zile angesema: hawa ni sisi. Waliulizana kama mwanamke anaweza kuolewa na kuendelea na kazi. Wengine walisema nyumba na tribinali havikai pamoja. Wengine walisema mume mwema ni msaada hata kazini. Waliulizana juu ya afya, kwa sababu watu walizoea kusema mwili wa mwanamke hauwezi kazi ya sheria. Waliulizana pia kama inafaa kutetea maskini na wajane bure, au kama avoka mwanamke anapaswa kudai malipo sawa na mwanaume, asije akaonekana kwamba kazi yake ni sadaka tu.

Hata kofia iliwasumbua. Lelia Robinson wa Boston aliwauliza wenzake: mwanamke akisimama kusema mbele ya juji, avue kofia au abaki nayo? Desturi ilitaka mwanaume avue kofia ndani ya tribinali. Desturi hiyo hiyo ilitaka mwanamke wa heshima avae kofia anapokuwa mbele ya watu. Sasa mwanamke aliye avoka afuate desturi gani? Tunaweza kucheka, lakini mama anayejua maneno yanayosemwa juu ya kilemba na nguo za binti yake anapokwenda biro ataelewa kwamba jambo halikuwa dogo. Hakuna mwanamke aliyesimama mahali pale mbele yao, kwa hiyo kila kitu kilipaswa kuulizwa.

Chama kilikwisha, kazi haikwisha

Equity Club iliishi mpaka mwaka 1890, kisha ikazimika. Wanachama walikuwa na kazi nyingi na barua zikapungua. Sisi tunaoongoza vikundi tunajua jambo hilo: kikundi hakifi kwa ugomvi tu, kinakufa hata kwa watu kuchoka. Lakini tazameni walivyofanya wale waliopita humo.

Lelia Robinson alikuwa amekataliwa na tribinali ya Massachusetts mwaka 1881. Hakukaa kulia. Alikwenda kwa wabunge wa jimbo, nao wakatoa sheria mpya mwaka 1882, akakubaliwa kuwa avoka. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha kufundisha watu wa kawaida sheria kwa maneno mepesi, na mwaka 1889 kitabu kingine juu ya sheria ya mume na mke. Alifariki mwaka 1891, bado kijana.

Catharine Waugh alimaliza masomo huko Chicago mwaka 1886. Alizunguka kutoka biro moja ya maavoka mpaka nyingine akiomba kazi, wote wakamkatalia. Akarudi mji wa kwao, Rockford, akafungua biro yake. Mwaka 1890 aliolewa na Frank McCulloch, naye avoka, wakafanya kazi pamoja na kuzaa watoto wanne. Jibu la lile swali la ndoa alilitoa kwa maisha yake. Katika jimbo lake sheria ilimtanguliza baba katika ulinzi wa watoto, na mama alikuwa nyuma, hata kama ndiye aliyewalea. Mama McCulloch aliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1899, akishirikiana na vyama vya wanawake kuwasukuma wabunge. Mwaka 1901 sheria ya Illinois ikampa mama haki sawa na baba juu ya watoto wao. Mwaka 1905 sheria nyingine ikaongeza ulinzi wa wasichana: umri wa msichana kuhesabiwa kwamba anaweza kukubali mwanaume ukapanda kutoka miaka 14 mpaka 16.

Mnaona, wapenzi? Akina mama wengi wa Illinois hawakuwahi kusikia jina la Equity Club, lakini watoto wao walibaki mikononi mwao.

Sisi tufanye nini

Kwanza, binti yetu akisema kwamba kwenye fakulte wameanzisha chama cha wanafunzi wa sheria, tusimwambie anapoteza wakati. Tumwulize chama kinafanya nini, na tumpe franga ya usafiri kama ipo. Pale anajifunza kusema mbele ya watu, na anapata dada watakaomsaidia atakapoanza kazi.

Pili, tuwaalike hao wanafunzi katika vikundi vyetu. Waje watufasirie kwa Kiswahili sheria ya 2016: mali ya nyumba inaongozwa namna gani, kwa nini ndoa iandikwe kwa eta-sivili, mbona msichana asiolewe kabla ya miaka 18. Wao watapata mazoezi, na sisi tutapata maarifa. Mwanafunzi si avoka bado. Kesi ya kweli tuipeleke kwa avoka. Lakini kujua haki yako hakungoji kesi.

Tatu, mama asiyeweza kufika kwenye mkutano, atume barua au ujumbe kwa simu. Wale wa Ann Arbor walijenga chama chao kwa barua moja tu kwa mwaka.

Maswali ya kuongea katika kikundi juma hili:

1. Kwetu, ni maneno gani yanayomvunja moyo msichana anayetaka kusoma sheria? Nani anayasema, na sisi tunamjibu nini?

2. Je, ndoa zetu zimeandikwa? Kama hapana, kizuizi ni nini?

3. Katika kikundi chetu, nani ana mtoto au jirani anayesoma sheria? Tumwite lini?

Mkishaongea, tuandikieni. Tutayasoma majibu yenu, na yale yatakayosaidia wengine tutayaweka katika kurasa hizi.