Fahamu: Mbolea ya nano kwenye tuta la mchicha

Kwenye matuta ya mchicha ya bonde la Msimbazi, upande wa Kinondoni, urea hurushwa kwa mkono. Nyingine huyeyukia hewani au kusombwa na maji kabla mizizi haijaipata. Mbolea ya nano hupulizwa majanini kwa bomba, chembe zake zikiwa ndogo kiasi cha kupenya vitundu vya jani.

Mwaka 2021 ushirika wa mbolea wa India, IFFCO, ulizindua urea ya nano: chupa ya mililita 500, ikidaiwa kutosha badala ya mfuko wa kilo 45 wa urea ya kawaida. Tupige hesabu. Chupa ina naitrojeni gramu 20 hivi. Mfuko una zaidi ya kilo 20! Wanasayansi kadhaa wamelipinga dai hilo. Mchicha huvunwa ndani ya mwezi, na kosa halirekebishiki. Ukiletewa chupa, uliza usajili wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), kisha jaribu tuta moja tu.