Mti Hula Nini? Habari za Kazi ya Majani

Wasikilizaji wetu, pamoja na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twataka kuzungumza juu ya swali moja lionekanalo kuwa jepesi. Mtu hupanda kijiti cha mhogo kisichozidi urefu wa shubiri moja. Mwaka ukipita, huja na jembe akachimba mihogo ya kujaza kikapu, na juu yake pamesimama miti mirefu kumpita yeye mwenyewe. Je, vitu vyote hivyo vimetoka wapi?

Wengi watajibu mara moja kwamba vimetoka katika udongo. Jawabu hilo lina maana yake, kwa kuwa kila mkulima ajua tofauti ya ardhi nzuri na ardhi iliyochoka. Lakini hebu tufikiri kidogo. Kama miti ingalikuwa ikila udongo, chini ya kila mwembe mkubwa pangalikuwa na shimo, na mbuyu ungalikuwa umesimama katikati ya bonde uliloling'oa wenyewe kwa kula. Hatuoni hivyo hata mahali pamoja. Udongo uko pale pale, na mara nyingi mizizi imeuinua juu kidogo.

Mtu mmoja aliyelichukua jambo hili kwa mizani badala ya maneno alikuwa Jan Baptist van Helmont, tabibu wa mji wa Brussels katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Alitwaa chungu kikubwa, akatia ndani yake ratili 200 za udongo uliokaushwa jikoni, akapanda mti mchanga wenye uzito wa ratili 5. Akaufunika mdomo wa chungu kwa bati lenye matundu ili vumbi lisiingie, na kwa muda wa miaka mitano hakuupa mti ule kitu ila maji. Kisha akaung'oa, akaupima. Mti ulikuwa na ratili 169 na wakia 3 hivi, na majani yaliyopukutika kila mwaka hakuyahesabu. Akaukausha udongo tena, akaupima: ulikuwa umepungua wakia 2 tu. Habari hizi zilichapishwa kitabuni mwaka 1648, baada ya kufa kwake. Yeye aliamua kwamba mti wote umetokana na maji. Hapo alipata nusu ya kweli, na nusu ya pili ilimpita machoni, kwa sababu hakuna aliyedhani wakati ule kwamba hewa yaweza kuwa chakula.

Nusu hiyo ya pili mpishi yeyote wa kijijini anayo mbele yake kila siku. Tukichoma mzigo wa kuni kavu mpaka uishe, jivu libakialo hukaa katika viganja vya mikono. Kwa kuni nyingi halizidi sana ratili moja katika ratili mia. Jivu hilo ndilo ambalo mti ulilichota katika udongo. Zilizosalia zote zimekwenda zake hewani pamoja na moshi na joto. Na mchoma makaa, azibaye tanuri lake kwa udongo ili moto usipate hewa ya kutosha, huweza kukizuia kitu kile cheusi kisikimbie. Kitu hicho cheusi huitwa kaboni, nacho ni karibu nusu ya uzito wa kila mti mkavu. Kilitoka hewani, na moto hukirudisha huko huko.

Katika hewa tuivutayo mna hewa za namna mbalimbali zilizochanganyika. Moja ni oksijeni, ambayo bila hiyo mtu hufa na taa huzimika. Nayo ni sehemu 21 katika kila mia. Nyingine ni hewa ya ukaa, ambayo ni kaboni iliyoungana na oksijeni. Hii ndiyo tuitoayo puani, na ndiyo itokayo katika kila moto. Kiasi chake ni kidogo mno: katika sehemu 100,000 za hewa, hewa ya ukaa haifiki sehemu 50. Na kutokana na kidogo hicho misitu yote ya dunia imejengwa.

Kazi hufanyika ndani ya jani. Upande wa chini wa jani, na katika mimea mingine pande zote mbili, mna vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu, vyenye midomo ifungukayo na kufumba. Humo hewa ya ukaa huingia. Maji nayo hupanda kutoka mizizini kwa njia ya mirija myembamba. Basi jani lina hewa na lina maji. Lililobaki ni moto wa kupikia, na moto huo ni jua. Rangi ya kijani tuionayo katika majani, iitwayo klorofili, ndiyo inayoikamata nuru. Huila zaidi ile nuru nyekundu na ile ya samawati, na kuiacha ya kijani irudi machoni petu. Kwa nguvu ya nuru hiyo jani huyapasua maji: oksijeni yake hutoka nje kwa vile vitundu, na haidrojeni yake huunganishwa na ile hewa ya ukaa mpaka ikawa sukari. Wataalamu wa lugha wa siku hizi wameipa kazi hii jina la usanisinuru, yaani kuunga kwa nuru.

Ilichukua muda mrefu watu kuyatambua haya. Mwezi wa Agosti mwaka 1771 Mwingereza Joseph Priestley alitia shina la nanaa katika chombo cha kioo ambacho mshumaa ulikuwa umewaka ndani yake mpaka ukazimika kwa ubovu wa hewa. Siku kumi baadaye mshumaa uliweza kuwaka tena ndani ya hewa ile ile. Lakini baadhi ya majaribio yake ya baadaye yalikataa, wala hakujua sababu. Sababu aliiona tabibu Mholanzi, Jan Ingenhousz, mwaka 1779: mmea huisafisha hewa ukiwa juani tu, tena kwa sehemu zake za kijani tu. Gizani huvuta hewa na kuitoa kama sisi. (Wako watu waogopao kulala na ua chumbani kwa ajili ya neno hili. Waondoe hofu, kwa kuwa ndugu alalaye kitanda cha pili huichafua hewa kuliko maua mengi.)

Sukari ikiisha kupatikana, mmea hauiachi ikae majanini. Hushuka katika shina kwa mirija ya chini ya gome, mchana na usiku, ikaenda kila mahali penye haja: kwenye chipukizi, kwenye tunda, kwenye mzizi. Katika muwa hubaki kuwa sukari. Katika mhogo, kiazi na punje ya mahindi hugeuzwa kuwa wanga, upate kukaa siku nyingi bila kuharibika. Mwalimu mwenye ile dawa ya iodini itiwayo vidondani aweza kuidondosha juu ya mhogo mbichi uliomenywa mbele ya wanafunzi wake: pale ilipoanguka patakuwa peusi kama wino. Huo ndio wanga, na kila chembe yake ilipikwa kwanza katika jani. Kipande hicho wasikile tena.

Asije mtu akasema kwamba basi samadi haina kazi. Jiko lenyewe lahitaji mafiga. Ile rangi ya kijani haiwezi kufanyika bila naitrojeni na magnesi, navyo hutoka katika udongo; ndiyo maana mahindi yaliyo katika ardhi iliyochoka huwa ya manjano, na mahindi ya manjano hayapiki vizuri hata jua likiwaka namna gani. Kidogo kitokacho ardhini hakina badala yake.

Maji nayo yana taabu yake. Kitundu kikifunguliwa ili hewa iingie, maji hutoka kwa mlango huo huo na kupotea kuwa mvuke. Mmea hauna njia ya kufungua kwa hewa na kufunga kwa maji. Wakati wa kiangazi, basi, hufumba vitundu usife kwa kiu, na kwa kufumba hujinyima chakula. Tuonapo mahindi yamejikunja majani saa sita ya mchana, tujue kwamba kwa saa hizo kazi imelegea na punje hazijazwi. Hata hivyo mahindi, mtama na miwa yana ufundi wake, ambao wanasayansi wa Australia, Hatch na Slack, waliueleza mwaka 1966: hukusanya hewa ya ukaa na kuilimbika ndani ya jani, hata vitundu vikifunguka kidogo tu yatosha. Hiyo ni sababu mojawapo ya mtama kustahimili jua kali.

Sasa twafika mahali ambapo habari hizi zagusa ghala. Majani ya mhogo ni mboga nzuri, wala hatuna nia ya kumkataza mtu kisamvu. Lakini wako wachumao shamba moja kila siku chache hata miti ikabaki fito tupu, kisha wakati wa kuvuna hulaumu mbegu, au mvua, au jicho la jirani. Mti ulionyang'anywa majani hutumia akiba yake kwanza kuchipuza mengine, na akiba hiyo ndiyo mhogo wenyewe. Yafaa kuchuma machache kwa kila mti, kwa zamu, na kuiacha kabisa miti iliyo michanga. Hali kadhalika wafugaji wakatao majani ya mahindi ili kulisha ng'ombe. Majani yaliyo karibu na gunzi na yale ya juu yake ndiyo yanayolijaza. Mtu akiyakata punje zingali na maziwa, amempa ng'ombe chakula cha watoto wake. Akingoja mpaka punje zimekuwa ngumu na maganda yamekauka, hapungukiwi kitu.

Magugu nayo twajua kwamba huiba maji na rutuba. Wachache hukumbuka kwamba huiba nuru pia. Mche mdogo uliofunikwa na magugu majuma yake ya kwanza hufanana na mpishi aliyezimiwa moto, na hata ukija kupaliliwa baadaye, siku zile hazirudi.

Na si mashamba tu. Katika maziwa na bahari mna mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nayo hufanya karibu nusu ya kazi yote ya namna hii duniani. Wadudu wadogo wa majini huila, na dagaa huwala wadudu hao, hata mvuvi wa Ziwa Tanganyika ale jua la juzi bila kulima. Makaa ya mawe yachimbwayo Kiwira, kusini magharibi mwa Tanzania, ni mimea iliyozikwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Kwa kuchoma makaa kama hayo na mafuta, na kwa kufyeka misitu, wanadamu wameiongeza ile hewa ya ukaa kutoka sehemu 28 katika kila 100,000, kama ilivyokuwa kabla ya viwanda, hata kupita sehemu 42 leo. Hewa hiyo huzuia joto la dunia lisitoke, na mambo yake yataka mazungumzo ya siku nyingine.

Atakayetilia shaka maneno yetu juu ya kisamvu na ajaribu mwenyewe. Achague miti kumi ya mhogo ya namna moja, iliyopandwa siku moja katika mstari mmoja. Mitano aichume majani kila juma kwa miezi mitatu, mitano asiiguse, na zote azipalilie sawasawa. Siku ya kuvuna aichimbe yote pamoja, atenge mafungu mawili, ayapeleke kwenye mizani ya dukani. Asikadirie kwa macho.